Kimya cha wiki ya tatu: kisa cha kozi ya mtandaoni ya makatibu wa vikundi vya hisa Pemba

Kisa hiki ni cha kuundwa. Kimeshonwa kwa vipande vya hali zinazojirudia katika kozi za watu wazima visiwani, na tarakimu za washiriki na za fedha ni za mfano, ili msomaji aweze kufuata hesabu hatua kwa hatua.

Kozi ilikuwa ya wiki 6, juu ya kutunza kumbukumbu za fedha katika vikundi vya kuweka na kukopa. Washiriki walikuwa 32, makatibu na washika fedha kutoka Wilaya za Wete na Micheweni: wanawake 23, wanaume 9. Wanawake wengi ni wakulima wa mwani. Waliobaki ni washonaji, wenye viduka, na walimu wa maandalizi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mgeni wa daftari. Waliokuwa na muda mfupi zaidi walikuwa wameandika hesabu za kikundi kwa miaka 3.

Kila kitu kiliwekwa kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni. Kila wiki video ya dakika 15, waraka wa kurasa 12, swali moja la jukwaani na jaribio la kuchagua jibu. Jumatano saa 4 asubuhi kikao cha Zoom cha saa nzima. Kulikuwa pia na kikundi cha WhatsApp, ambacho wawezeshaji wawili walikifunga wenyewe kwa tangazo la siku ya kwanza: humu ni matangazo tu.

Wiki ya 1 waliingia watu 30 na 26 wakajitambulisha. Wiki ya 2 video ilifunguliwa na 19, jukwaani wakaandika 9. Wiki ya 3 waliofungua ni 11 na walioandika ni 4, watatu kati yao walimu. Kikao cha Zoom kilikuwa na watu 5, kamera zimezimwa, na mwezeshaji alizungumza dakika 52 kati ya 60. Hapo ndipo mratibu alipoandika kwenye ripoti yake kuwa washiriki "hawana mwamko".

Bando

Maelezo ya kwanza ambayo kila mtu huyashika ni bando, na hayakosi ukweli. Video ya dakika 15 yenye ubora wa 720 hupita MB 150 kwa urahisi, wakati ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika moja ni kama KB 150 tu, pengine pungufu. Kwa mtu anayenunua bando la siku, video moja ya somo ni bando zima. Kwa hiyo kila mshiriki akatumiwa vocha ya shilingi 5,000.

Waliofungua video walipanda kutoka 11 hadi 17. Walioandika walibaki 4. (Sehemu ya vocha hizo ilikwenda kwenye video za harusi zinazojipakua zenyewe katika vikundi vya familia. Kabla ya kumtumia mtu bando, mwelekeze kwanza azime upakuaji wa moja kwa moja kwenye mipangilio ya WhatsApp. Ni kazi ya dakika 2.) Vocha haikuwa hasara, maana iliwaonyesha wawezeshaji kitu ambacho ripoti haikukionyesha: watu walikuwa wanasoma na wananyamaza. Aliyeshindwa kufika na aliyefika akakaa kimya hawana dawa moja.

Simu 12

Wawezeshaji wakapiga simu za kawaida kwa watu 12, dakika 10 kila mmoja. Ukimuuliza mtu mzima "mbona hushiriki?" atakuomba radhi na kukuahidi, na hutajua lolote. Wao waliuliza mambo matatu mengine: mara ya mwisho ulifungua kozi ukiwa wapi, ulikuwa na nani, na ulipofika wapi ukaweka simu chini. Yakaonekana mambo manne.

Watatu hawakuwa na neno la siri. Akaunti zilifunguliwa na mtoto wa nyumbani au kijana wa dukani kwa barua pepe yake mwenyewe, na simu ilipowatoa kwenye akaunti hakukuwa na njia ya kurudi.

Wakulima wa mwani walitoa jibu ambalo mtu wa Pemba angelijua bila kuuliza. Bamvu, yaani maji makubwa, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka, na siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi. Ndipo mwani unapofungwa, unapopaliliwa na unapovunwa. Zoom ya Jumatano saa 4 katika wiki ya bamvu ilikuwa inamtaka mtu achague baina ya somo na mapato yake, naye alichagua sawasawa.

La tatu lilikuja kwa kuzungukwa: woga wa kukosea kwa maandishi mbele ya watu. Mshika fedha ni mtu wa kuaminiwa. Akiandika hesabu kombo jukwaani, na kati ya washiriki wamo watu wa shehia yake, maneno yanaweza kufika kikundini kabla yake.

La nne hakulisema mtu, lakini linaonekana ukisoma jukwaa lenyewe. Swali la wiki ya 3 lilikuwa: "Taja faida tano za kutunza kumbukumbu za fedha." Mwalimu wa kwanza alizitaja zote tano. Wa pili akaandika anakubaliana na mwenzake, wa tatu vivyo hivyo. Hawakuwa na la kuongeza. Swali la namna hiyo hufungwa na mtu wa mwanzo anayelijibu, na ukiwauliza watu ambao wameandika daftari kwa miaka, wanajua pia kuwa muulizaji jibu analo. Wakiwa skuli walilijibu kwa sababu mwalimu alikuwa mbele yao. Usiku, peke yao, kwenye kioo cha simu, hawana sababu ya kulijibu.

Kasoro ilikuwa katika muundo

Michael Moore, mtaalamu wa elimu ya masafa, aliandika mwaka 1989 juu ya mahusiano matatu katika elimu ya masafa: mwanafunzi na somo, mwanafunzi na mwalimu, mwanafunzi na mwenzake. Kozi hii ilijenga la kwanza, ikagusa la pili kwa saa moja kwa wiki, na la tatu ikalikataza kwa tangazo la "matangazo tu". Gilly Salmon naye, mtaalamu wa ufundishaji wa mtandaoni, katika ngazi zake tano za kozi za mtandaoni, anaweka kufahamiana mapema kabisa, baada tu ya mtu kuweza kuingia na kabla ya kubadilishana maarifa. Hapa kufahamiana kulipewa jina, shehia na kikundi, basi. Wiki ya pili watu 32 waliambiwa wajadili.

Kinachokera zaidi ni kwamba washiriki hawa tayari walikuwa na mahali pa kujifunzia palipozidi kozi. Mfumo wa vikundi vya hisa unaotumika katika nchi nyingi za Afrika ulianzia Niger mwaka 1991 kwa mradi wa shirika la CARE, na ulibuniwa kwa watu ambao wengi wao hawakusoma. Sanduku lina kufuli 3 na funguo ziko kwa watu 3 tofauti. Fedha huhesabiwa kwa sauti, wote wanaona, na wanachama huombwa walikumbuke salio la kikao kilichopita kabla daftari halijafunguliwa. Kila mtu ana kazi mkononi. Ukimtoa mtu kwenye jamvi hilo ukamweka mbele ya video ya dakika 15, umemshusha daraja.

Wala mbinu yenyewe si ngeni kwa Tanzania. Kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 huko Bara ilifikia watu wapatao milioni 2 kwa wiki 12: kikundi kinakaa pamoja, kinasikiliza kipindi, kinasoma kijitabu, kinajadili, halafu kinakubaliana kitu cha kufanya kijijini, kama kuchimba vyoo. Kati ya hivyo, kilichotoka masafani ni kipindi na kijitabu tu. Kazi ilifanyika pale watu walipo. Anayetengeneza kozi ya mtandaoni leo ana chombo kilicho bora kuliko redio ya mwaka 1973 na mara nyingi anakitumia kufanya machache zaidi.

Marekebisho, na kosa jipya

Wiki ya 4 wawezeshaji walibadilisha sana, kwa haraka, na kitu cha kwanza walikosea vibaya. Waliwaomba washiriki wapige picha ukurasa mmoja wa daftari la kikundi chao na kuutuma. Wazo ni zuri vitabuni: Malcolm Knowles, mwananadharia wa elimu ya watu wazima, amefanya watu wengi waamini, na kwa haki, kwamba uzoefu wa mtu mzima ndio malighafi ya somo. Lakini daftari la kikundi si uzoefu wa katibu peke yake. Ndani ya saa 2 picha moja ilikuwa imefika ikiwa na majina na madeni ya watu 18, na mmojawapo ni jamaa wa mshiriki mwingine. Ilifutwa kwa wote, lakini watu 9 walikwisha kuiona. Kanuni ikawekwa usiku huohuo: daftari la kikundi halitoki, halipigwi picha, hata kwa majina yaliyofunikwa, kwa sababu katika shehia ndogo kiasi cha deni kinatosha kumtaja mtu.

Badala yake wakatengeneza daftari la mfano lenye makosa yaliyofichwa. Na washiriki wakagawanywa vikundi 6, vinne vya watu 5 na viwili vya watu 6. Kila mtu aliulizwa anapenda kikundi cha wanawake tu au cha mchanganyiko. Vinne vikawa vya wanawake, viwili mchanganyiko. Kazi zikahamia WhatsApp. Moodle ikabaki ghala la nyaraka kwa mwenye kuzitaka. Programu yake ya simu inaruhusu kupakua somo na kulisoma bila mtandao, lakini kwa aliyepoteza neno la siri hiyo ni mali nyuma ya kufuli.

Karatasi ya kwanza ilikuwa hii:

Salio la kikao kilichopita, mfuko wa hisa: 184,000
Hisa zilizonunuliwa, 47 kwa 2,000: 94,000
Marejesho ya mikopo: 120,000
Ada ya mikopo: 6,000
Mikopo iliyotolewa: 250,000
Mchango wa mfuko wa jamii (wa kusaidiana kwenye shida), watu 20 kwa 500: 10,000
Fedha zilizohesabiwa sandukuni: 164,000

Utaratibu: fanya hesabu kwa kalamu, kwenye karatasi, peke yako. Kisha mtumie mwenzako mmoja, si kikundi kizima, ujumbe wa sauti usiozidi dakika 2 ukimweleza ulichokiona. Mkishakubaliana au kushindwana, wawili mnapeleka kauli moja kikundini. Kikundi kinatoa jibu moja kwa mwezeshaji, naye anajibu ndani ya saa 48. Video ilifutwa, mahali pake pakawekwa sauti ya dakika 4 na ukurasa mmoja wa maelezo. Muda wote kwa wiki ukashuka kutoka saa 5 hadi 3.

Kanuni ya "mwenzako mmoja kwanza" ndiyo iliyokuwa na nguvu, na ndiyo wengi huiruka kwa kuona inachelewesha. Inamruhusu mtu akosee mbele ya mmoja. Akifika kwenye kundi anasema "sisi tumeona", na kosa likijitokeza lina wenyewe wawili.

Mfuko wa hisa unatakiwa uwe 154,000, na sanduku lina 164,000. Jozi nyingi ziliona ziada ya 10,000 na kuanza kutafuta mwizi kinyume: nani kalipa zaidi, chenji imekosewa wapi. Mkulima mmoja wa mwani, aliyekuwa hajasema neno kwa wiki 3, akatuma sauti ya sekunde 40. Kwao, akasema, pesa za jamii zina kipochi chake cha kitambaa ndani ya sanduku, na hazihesabiwi na nyingine. Hizo 10,000 ni za jamii zilizomwagwa pamoja. Hakuna waraka wa kozi uliokuwa na kipochi. Wiki hiyo watu 25 walituma kazi.

Ada au riba

Karatasi hiyohiyo ilizaa jambo ambalo waandaaji hawakulitarajia, na walipaswa kulitarajia. Mstari wa "ada ya mikopo 6,000" ulikuwa umenakiliwa kutoka mwongozo wa Bara. Pemba, asilimia 5 juu ya mkopo haipiti kimya. Jioni moja vikundi viwili vilitoa ujumbe 61: ni ada ya gharama au ni riba iliyobadilishwa jina?

Mwezeshaji alijaribu kutoa hukumu. Alisema ni ada ya uendeshaji, hivyo haina tatizo, na mazungumzo yakakatika palepale. Si kwamba walikinai. Waliona ameingia mlango usiokuwa wake. Mwenzake alilirudisha kesho yake kwa njia nyingine: hukumu ya sheria ni ya wenye elimu yake, mtawauliza masheikh wenu, hapa tunauliza kikundi chenu kinafanyaje, na mnaandika wapi. Baadhi wakasema hawatozi chochote, gharama za daftari na kalamu wanachangiana. Wengine wananunua kitu wanachokihitaji wanachama na kuwauzia kwa bei iliyotajwa, kwa mafungu.

Hapo wawezeshaji wakapata karatasi ya pili bila kuihangaikia. Kikundi kinanunua cherehani kwa 280,000 na kumuuzia mwanachama kwa 310,000, malipo 10 ya 31,000. Andika. Zaidi ya nusu ya jozi waliandika faida ya 30,000 siku ya kwanza, na kitabu chao kikawa na fedha ambazo sandukuni hazijafika. Kwa njia rahisi ya daftari la kikundi, kila fungu la 31,000 lina 28,000 za kurudisha gharama na 3,000 za faida. Faida hupanda kadiri mafungu yanavyoingia, na mnunuzi akisita kwenye fungu la 4, daftari linaonyesha hali ilivyo. Mabishano juu ya karatasi hii yalikuwa marefu na ya kitaalamu kuliko chochote kilichokuwa kwenye waraka wa kurasa 12. Somo lililoletwa lilikuwa na pengo, na wajuzi wa pengo hilo walikuwa wanafunzi.

Yaliyogoma

Kunakili kulirudi kwa sura mpya. Katika vikundi viwili mwenye simu nzuri na kisomo alifanya kazi ya wote. Kukemea hakukusaidia. Kilichosaidia ni kutoa karatasi tatu, A, B na C, zenye kosa la aina moja na tarakimu tofauti, kiasi kwamba jibu la mwenzako halikufai ila njia yake inakufaa.

Kazi ya wawezeshaji nayo haikupungua, na anayedhani vikundi vidogo vinajiendesha atajuta. Vikundi 3 kwa kila mmoja, dakika 25 kwa kikundi kwa siku, ni saa 1 na robo kila siku. Sehemu ngumu ya saa hiyo ni kujizuia kujibu. Wakakubaliana kuwa swali la mshiriki linasubiri siku nzima kabla mwezeshaji hajaligusa, na likiguswa, linarudishwa kwa mtu mwingine kwa jina. Mwezeshaji aliyezoea darasa huiona siku hiyo ndefu sana.

Jaribio la mwisho la maswali 20 liliondolewa. Mshiriki alitakiwa afunge hesabu katika kikao halisi cha kikundi chake, alinganishe daftari na sanduku, kisha atume sauti ya dakika 3 akieleza tofauti aliyoikuta na alivyoitatua, bila jina la mtu wala kiasi cha mtu. Mwenyekiti anathibitisha kwa simu kwamba ilifanyika. Watu 24 walimaliza hivyo.

Kati ya 8 ambao hawakumaliza, watatu walitolewa na karafuu. Kikao cha Zoom kilikuwa kimehamishwa kuwa mazungumzo ya sauti ya nusu saa, saa 2:30 usiku baada ya isha, na kwa wakulima wa mwani saa hiyo ilikuwa nzuri. Wiki ya 5 karafuu zikaanza kuchumwa. Mchana watu wako mitini. Usiku nyumba nzima inakaa kuchambua, karafuu huku, makonyo (vikonyo vyake) kule, mikono yote miwili imeshikwa mpaka usiku mwingi. Kusikiliza mtu anaweza. Kushika kalamu hawezi. Awamu inayofuata imepangwa ianze katika maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapwi sana, baada ya msimu, kazi za kalamu zikiwekwa wiki za maji mafu na za kusikiliza tu wiki za bamvu, na ratiba hiyo wameichora washiriki wawili waliomaliza.